Spidi Usiyoihisi: Niliyojifunza Kati ya Kampala na Arua

Dereva wa mjini akikuambia anajua gari, mwamini, ila usimkabidhi safari ya Arua, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa dereva wa mjini. Nimezaliwa Busia, nikahamia Kampala kijana, na kwa miaka mingi nilibeba abiria kwa gari dogo la kukodi: Ntinda, Kabalagala, Wandegeya, mara mojamoja Entebbe. Kwenye foleni ya Kampala mtu hulali wala husinzii. Boda boda zinakupita kushoto na kulia, taksi inasimama ghafla mbele yako, mwenda kwa miguu anavuka pale anapotaka. Ni kazi ya kuchosha, lakini inakuweka macho.

Kisha mama mmoja mfanyabiashara wa Arua, Mnubi, mwenye duka la vitenge na vyombo, akanitafuta. Alihitaji mtu wa kumletea mzigo kutoka Kikuubo, soko la jumla la Kampala, kwa gari lake la Noah. Tulielewana kwa Kiswahili, bei ikapatikana, nikaanza. Safari ni zaidi ya kilomita 450: unatoka Kampala kwa barabara ya Bombo, unapita Luwero, Nakasongola, unavuka mto Kafu, halafu Kigumba, Bweyale, Karuma, ukishavuka Nile pale Karuma unakata kushoto kuelekea Pakwach, Nebbi, hadi Arua.

Kila mtu aliniogopesha na mteremko wa Karuma, ule unaoshuka na kona yake mpaka darajani. Sawa, mteremko ule ni mbaya. Lakini mteremko unajitangaza: unauona, unaingiza gia ndogo, mikono inakaza usukani yenyewe. Kilichonisumbua mimi ni vile vipande ambavyo hakuna mtu aliyenitajia, pale barabara inaponyooka, lami nzuri, hakuna gari mbele wala nyuma, na wewe unajisikia raha kabisa.

Nitaanza na spidi.

Ukishamaliza mananasi ya Luwero yaliyopangwa kando ya barabara, nyumba zinaanza kupungua. Ukiingia Nakasongola ni nyasi, miti ya miiba, ng'ombe wenye pembe ndefu, na anga. Mjini jicho linapima mwendo kwa vitu vya karibu: ukuta, nguzo, watu. Huku vitu viko mbali, havikimbii dirishani, kwa hiyo jicho halina cha kupimia. Injini nayo inalia sauti ileile. Baada ya nusu saa kwenye 110, ile 110 inakuwa ndiyo hali ya kawaida ya mwili, na chochote chini yake unakiona kama kusimama.

Nililifahamu hilo Migyera. Pale ni senta, yaani mji mdogo wa barabarani, yenye kelele: magari yanasimama kula nyama choma, wachuuzi wanakimbilia madirisha na mishikaki na gonja (ndizi za kuchoma), watoto wanavuka. Niliingia nimeondoa mguu kwenye mafuta, nimekanyaga breki, na kwa hesabu ya mwili wangu nilikuwa natambaa. Afande akanyoosha mkono.

"Dereva, unajua hapa mwisho ni ngapi?"

"Hamsini, afande. Na nimepunguza."

"Umepunguza kutoka ngapi?"

Sikujibu. Akanigeuzia ile mashine yake nisome mwenyewe: 83. Niliangalia namba, nikaangalia barabara, na kusema kweli bado nilihisi kwamba mashine ile ni mbovu. Faini nililipa benki, ikala posho yangu ya safari nzima, lakini kilichonikaa kichwani ni ile hisia. Nilikuwa sidanganyi. Niliamini kabisa kwamba natambaa.

Tangu hapo nikaacha kuuliza mwili wangu gari linakwenda kwa kasi gani. Nikiona kibao cha senta au paa la kwanza la bati, naangalia mshale wa spidi, na ninashuka mpaka mshale useme 50, hata kama moyo unalia kwamba tutafika Arua kesho. Siku hizi kuna sehemu za mjini ambako kikomo ni 30, kwa kanuni za mwaka 2024. Mwaka 2025 serikali ilipoanza kutoza faini kwa kamera, madereva walipiga kelele mpaka mpango ukasimamishwa kwa muda. Mimi sikushangaa kelele zile. Ukitoka kwenye 100, hiyo 30 unaihisi kama adhabu. Lakini mtoto anayekimbiza tairi barabarani hajui umetoka kwenye ngapi.

Kwenye barabara kuu yenye lami, gari dogo linaruhusiwa 100. Mabasi na malori 80. Mimi nikiwa na mzigo sivuki 90. Wenzangu wananicheka, nami huwapa hesabu. Ukitoa senta, matuta na vizuizi vya polisi, sehemu ya kukimbia kweli kwenye safari hii ni kama kilomita 250. Kwa 110 unazimaliza kwa saa mbili na dakika 16. Kwa 90, saa mbili na dakika 47. Tofauti ni nusu saa, na nusu hiyo utaipoteza yote nyuma ya trela moja inayopanda kilima. Kwa upande wa breki hesabu ni kali zaidi. Kwenye 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Mpaka uone hatari, mguu ufike kwenye breki, na gari lisimame kwenye lami kavu, umekwisha kula karibu mita 100. Kwenye 60 ni chini ya nusu ya hapo.

Sasa usingizi.

Mama alitaka mzigo ufike duka linapofunguliwa. Kwa hiyo mpango ulikuwa: mchana kutwa Kikuubo unapakia, usiku kama saa tano na nusu unatoka Kampala foleni ikiwa imekwisha, asubuhi uko Arua. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Barabara ni tupu, hakuna jua, injini haichemki. Nilishika mpango huo safari kadhaa bila tatizo, na ndiyo sababu niliuamini.

Usiku mmoja niliingia kituo cha mafuta Kigumba, nikaegesha kando ya lori la kwenda Juba. Dereva wake, mzee wa Bombo mwenye kofia ya kufuma, alikuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri taniboi wake amalize kugonga matairi. Tukasalimiana.

"Umetoka wapi, kijana?"

"Kampala, mzee."

"Kafu umepita saa ngapi? Wale askari wa kizuizi bado wapo?"

Nikafungua mdomo nijibu, na sikuwa na jibu. Kafu ni daraja. Kuna mteremko mdogo, kuna mto, kuna kizuizi ambapo lazima upunguze mwendo. Nilikuwa nimepita hapo muda si mrefu, na kichwani hakukuwa na kitu. Kumbukumbu ya mwisho niliyokuwa nayo ni Migyera, ng'ambo ya kule.

"Sikumbuki, mzee."

Hakucheka. "Basi wewe hukupita. Gari ndilo lililopita. Zima hiyo injini ulale."

"Mzee, nina ratiba."

"Ratiba ya nani?"

Nililala. Kiti kimelazwa nyuma, milango imefungwa, kioo kimeachwa wazi kidole kimoja, nikiwa chini ya taa ya kituo ambapo askari wa zamu ananiona. Nilipoamka mzee alikuwa ameshaondoka, na ndipo mikono ilipoanza kunitetemeka.

Baadaye nilisoma na kuuliza, na haya ndiyo yaliyonisaidia. Mwili una saa yake. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi inauvuta chini, upende usipende, na inauvuta tena kidogo mchana, kati ya saa nane na saa kumi, hasa ukiwa umeshiba. Mimi nilikuwa naingia kipande kitupu kuliko vyote, Nakasongola hadi Kafu, kwenye saa mbaya kuliko zote. Tena siku hizo za kupakia nilikuwa macho tangu alfajiri. Watafiti wamepima: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya makosa kama mwenye kiwango cha pombe cha 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24 ni kama 0.10. Sheria ya Uganda inamkataza dereva wa kawaida kuvuka 0.08. Mimi situmii pombe kabisa. Afande angenipulizisha kifaa chake pale Kafu angeniruhusu niende, na bado nilikuwa dereva mbovu kuliko mlevi wa wastani.

Jambo la pili ni kwamba kusinzia kunaanza kabla ya kupiga miayo, na miayo yenyewe haitoshi kukuambia. Dalili zangu mimi ni hizi: nimesahau senta niliyopita, mshale unapanda na kushuka kati ya 80 na 100 bila sababu, ninasahau kupunguza taa kwa gari linalokuja mpaka aniwashie, tairi la kushoto linagusa ukingo wa lami na kunguruma. Hiyo ya mwisho ikitokea, usiongeze hata kilomita moja zaidi ya mahali pa kwanza salama pa kusimama. Na kuna uongo mmoja unaojirudia kwa kila dereva niliyewahi kuongea naye: "nafika hapo mbele tu." Ubongo uliochoka ndio huohuo unaoulizwa kama umechoka. Kama vile mwili ulivyonidanganya kuhusu spidi pale Migyera, unadanganya kuhusu usingizi, na kwa usingizi hakuna mshale wa kuangalia.

Kwa hiyo siulizi tena kama nina usingizi. Nasimama kwa saa. Kila saa mbili, au nikifika mahali nilipopanga, hata kama niko mzima kabisa. Nashuka, nazunguka gari, nagusa matairi, nakunywa maji, nakojoa. Ulaya madereva wa malori wanalazimishwa na sheria kupumzika dakika 45 wakishaendesha saa nne na nusu. Mimi naona hata hizo saa nne na nusu za kuendesha ni nyingi kwa barabara yetu yenye ng'ombe na baiskeli za mkaa.

Kahawa ina kazi, ila watu wanaitumia vibaya. Inachukua kama nusu saa kuingia kwenye damu. Ukiinywa na kuondoka hapo hapo, hiyo nusu saa unaendesha na usingizi wako uleule. Kunywa kahawa, weka kengele ya simu dakika 20, lala papo hapo. Ukiamka, kahawa nayo inafika. Usilale saa nzima halafu ushike usukani mara moja, utaamka mzito, hujui uko Kigumba au uko kwenu. Na hata hivyo umenunua saa moja au mbili. Usiku mzima hujaununua. Kufungua dirisha, kuongeza muziki, kujimwagia maji usoni, vyote nimevijaribu. Vinakusaidia muda wa wimbo mmoja au miwili.

Mairungi, yaani miraa? Naandika haya nikijua nitachukiwa. Nimeona madereva wanatafuna kutoka Malaba mpaka Elegu. Macho yanabaki wazi, ni kweli. Lakini macho yaliyo wazi na akili iliyolala ni vitu vinavyoweza kukaa kwenye kiti kimoja, na siku majani yakiisha mwili unadai deni lote kwa mkupuo. Isitoshe, siku hizi Uganda ukikamatwa nayo ni kesi.

Usiku una jambo jingine ambalo halina uhusiano na usingizi wako. Taa za chini za gari la kawaida zinakuonyesha mita 40 hadi 60 hivi mbele. Rudi kwenye ile hesabu ya breki: ukiwa kwenye 100 unahitaji karibu mita 100. Maana yake, kila unapopishana na gari na kushusha taa, unaendesha kuingia mahali usipopaona. Na kwenye barabara hii mahali usipopaona mara nyingi pana kitu. Lori limekatika ekseli, dereva ameweka matawi ya miti badala ya pembetatu. Trekta halina taa hata moja. Mwezi wa Mei 2018, Kiryandongo, basi lililokuwa likienda Kampala liligonga trekta la namna hiyo usiku, na zaidi ya watu 20 wakafa. Oktoba 2025, wilaya hiyohiyo, baada ya saa sita usiku, mabasi mawili yaliyokuwa yakijaribu kupita magari mengine yalikutana uso kwa uso. Waliokufa walizidi 40. Nimepita hapo mara nyingi. Ni barabara nzuri kabisa, na nadhani uzuri wake ni sehemu ya tatizo.

Ukiona matawi yametandazwa kwenye lami, punguza pale pale kwenye tawi la kwanza. Usisubiri kuliona lori. Na ukiwa nyuma ya trela, jifunze lugha ya indiketa. Akiwasha ya kulia anakuambia usipite, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto anakuruhusu. Wengi hushukuru kwa honi fupi na kupita. Mimi nashukuru kwa honi na bado nachungulia mwenyewe, kwa sababu indiketa ya kulia inaweza kuwa anakata kulia kweli, na ya kushoto inaweza kuwa anaegesha. Yeye hatakuja kwenye mazishi yako kueleza alimaanisha nini.

Kipande cha Karuma hadi Pakwach kinapita ukingoni mwa hifadhi ya Murchison, zaidi ya kilomita 100. Watu wanauliza kuhusu simba. Sijawahi kukutana naye. Kuna nyani, na nyani wa Karuma wamezoeshwa vibaya na abiria wanaowatupia ndizi, kwa hiyo wanakaa katikati ya barabara wakisubiri riziki, na gari la mbele linasimama ghafla ili watoto wapige picha. Kuna tembo pia, na saa ya jioni rangi yake na ya lami inalingana. Hapo 80 inatosha, na jua likianza kuzama hata 60.

Tairi la nyuma lilinipasukia kipande hicho, mbele kidogo ya Purongo, mchana wa jua kali. Lilikuwa tairi niliyouziwa kama jipya. Lilikuwa na kashata nzuri, linang'aa, lakini ubavuni tarakimu nne za tarehe zilisema limetengenezwa miaka tisa nyuma. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka; 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zisome kabla ya kulipa. Likipasuka usikanyage breki kwa nguvu: shika usukani uelekee mbele, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, liache gari lipungue lenyewe. Nilikuwa kwenye 80 na kitu, likanivuta kulia, nikalishika. Upepo nao pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi, na ukibeba mzigo ongeza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Tairi lenye upepo mdogo, mzigo mzito na lami ya Pakwach ya saa nane mchana havielewani.

Mwishoni mwa Septemba 2024 daraja la Karuma, lile la mwaka 1963, lilifungwa kwa ukarabati, na magari madogo tukapelekwa Masindi, kupitia Paraa, ndani ya hifadhi. Huko unaenda polepole utake usitake, na usiku hupiti. Nilichukia wiki ya kwanza. Baadaye nikaona kwamba nafika Arua nimechelewa, ila nafika na akili zangu. Daraja lilipofunguliwa, nilikwenda kwa mama kuzungumza naye.

Hayakuwa mazungumzo mepesi. Nilimwambia sitaendesha tena usiku.

"Mwanangu, wateja wangu wanakuja asubuhi."

"Najua, mama. Lakini mzigo ukilala Kikuubo usiku mmoja bado ni mzigo."

Alitaka kujua nani atalipa chumba changu Kampala na nani atalipa mlinzi wa gari. Tulikaa na kalamu. Chumba, mlinzi, chai ya njiani. Upande wa pili tairi mbili, faini ya Migyera, na mafuta yanayoongezeka ukikimbia. Kuhusu Kafu sikumwambia siku ile, nilimwambia mwezi uliofuata, akanyamaza kwa muda halafu akasema angenifukuza. Tukakubaliana: napakia mchana, nalala, natoka Kampala saa kumi na moja alfajiri kabla ya foleni. Chai Migyera, kusimama Kigumba, chakula kidogo Karuma ili nisiingie kipande cha hifadhi nimeshiba, maji Pakwach. Arua naingia kati ya saa nane na saa kumi alasiri, duka likiwa bado wazi. Chumba tuligawana nusu kwa nusu. Mwaka huu amekubali kulipa chote.